Jinsi Makatizo ya Linux Yalivyosafishwa

Mwaka 1957, mjini Amsterdam, wahandisi Bram Loopstra na Carel Scholten walimletea mwenzao Edsger Dijkstra wazo lililomnyima raha. Walikuwa wakibuni kompyuta mpya, Electrologica X1, nao walitaka iwe na uwezo ambao kompyuta nyingi za wakati ule hazikuwa nao: kifaa cha nje kikiwa tayari, kiikatize prosesa katikati ya kazi yoyote iliyo nayo. Dijkstra ndiye aliyepaswa kuiandikia programu mashine hiyo, na wazo lile likamtia hofu. Siku zile programu ikikosea leo, ukiirudia kesho inakosea palepale, unaikamata. Katizo lingeuondoa uhakika huo, maana hakuna ajuaye litaangukia kwenye amri ipi. Alisitasita, wenzake wakambembeleza, mwisho akakubali. Namna ya kuyapokea makatizo hayo bila kuharibu kazi inayoendelea ndiyo aliyoiandikia tasnifu yake ya udaktari mwaka 1959.

Hofu ile ilikuwa ya haki. Tangu wakati huo, sehemu ya mfumo endeshi inayopokea makatizo imekuwa ndiyo sehemu ambayo watu wazima wenye akili zao huigusa kwa woga, huongeza kiraka juu ya kiraka, kisha huondoka kimyakimya. Mfano ulio wazi kuliko yote, kwa sababu kila hatua yake ilifanyika hadharani, ni wa Linux.

Katizo ni hodi. Prosesa iko ndani inafanya kazi yake, kifaa kinabisha mlangoni, prosesa inaacha ilichokishika, inakwenda kusikiliza, kisha inarudi na kuendelea pale ilipoachia. Tazama kinachotokea mtu anapobonyeza herufi A kwenye kompyuta ya miaka ya tisini. Chipu inayosimamia kibodi inainua volteji kwenye waya namba 1. Waya huo unaingia kwenye chipu nyingine, 8259 ya Intel, ambayo IBM iliiweka kwenye kompyuta yake ya mwaka 1981 ikiwa na nyaya nane. Mwaka 1984, kwenye modeli ya AT, wakaongeza chipu ya pili, nyaya zinazotumika zikawa 15. Chipu ya 8259 inaiambia prosesa kuna mtu mlangoni. Prosesa inamaliza amri iliyomo mkononi, inahifadhi mahali ilipofikia, inauliza ni nani, inapewa namba, na kwa namba hiyo inarukia kipokezi, yaani kipande cha programu kilichoandaliwa kwa ajili ya kibodi. Kipokezi kinasoma mlango wa 60 kwa hesabu ya heksadesimali, kinakuta namba 1E, ambayo ndiyo herufi A. Kabla ya kuondoka kinaandika 20 kwenye mlango wa 20, maana yake: nimemaliza. Kisipoandika hivyo, 8259 haitapitisha tena hodi ya waya huo wala za nyaya zilizo chini yake kwa cheo. Kibodi inakufa, na mwenye kompyuta anadhani ni kibodi.

Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, alipoanza kuandika Linux mwaka 1991, hayo ndiyo mazingira aliyoyakuta, pamoja na kero zake. Moja ni kwamba IBM ilikuwa imeyapangia makatizo ya vifaa namba 8 hadi 15, ilhali Intel ilikwisha kuzitenga namba 32 za mwanzo kwa ajili ya hitilafu za prosesa yenyewe. Linux ikalazimika kuipanga upya chipu ya 8259 kila inapowaka, ili hodi za vifaa zianzie namba 32. Kazi ya kusafisha makatizo ya Linux, ukipenda, ilianza kabla mfumo haujachapisha herufi ya kwanza kwenye skrini.

Kwa kuwa kompyuta ile ilikuwa na prosesa moja, ulinzi wake ulikuwa rahisi mno. Draiva, yaani programu inayosimamia kifaa fulani, ikitaka kugusa orodha ambayo kipokezi nacho huigusa, iliita cli, amri ya kuziba makatizo. Ikimaliza iliita sti, amri ya kuyafungua. Katikati hapo hakuna awezaye kukuingilia. Na kwa kuwa kukaa na mlango umefungwa ni hatari, kazi ndefu ilitengwa: kipokezi kilifanya lile la dharura tu, mengine yakaachwa yafanywe baadaye kidogo, makatizo yakiwa wazi, katika kile walichokiita nusu ya chini. Nafasi za nusu za chini zilikuwa 32, zimehesabiwa na kupewa majina ndani ya msimbo, na moja tu ndiyo iliyofanya kazi kwa wakati mmoja. Kila aliyeandika draiva alijifunza desturi hiyo kwa kunakili draiva ya mwenzake.

Kisha zikaja prosesa mbili. Toleo la 2.0, la Juni 1996, ndilo la kwanza imara lililoweza kutumia prosesa zaidi ya moja, kwa kazi iliyoanzwa na Alan Cox wa Swansea huko Wales. Njia yake ilikuwa kufuli moja kubwa: prosesa moja tu ndiyo huingia ndani ya kiini, yaani moyo wa mfumo endeshi, nyingine zinangoja nje. Haikuwa nzuri, lakini draiva zote za zamani ziliendelea kufanya kazi bila kuguswa, na hilo ndilo lililotakiwa.

Tatizo lilijitokeza pale kufuli hilo lilipoanza kulegezwa katika toleo la 2.2, Januari 1999. Sasa prosesa mbili zingeweza kuwa ndani kwa wakati mmoja. Je, draiva ya mwaka 1993 iliyoita cli, ikiamini imeuziba ulimwengu mzima, iambiwe nini? Wasimamizi wa kiini wakaamua kuitunza ahadi ile ya zamani kwa gharama yoyote. Wakaibadilisha cli iwe amri ya mashine nzima: prosesa inayoiita inashika kufuli la pamoja, kisha inasubiri mpaka hakuna prosesa nyingine yoyote iliyo ndani ya kipokezi chochote, ndipo inaendelea. Kwa mwandishi wa draiva hakuna kilichobadilika. Kwa mashine, draiva moja ya kadi ya sauti isiyo na maana yoyote iliweza kuisimamisha seva yenye prosesa nne.

Naiona hatua hii kuwa ndiyo kosa lenye mafunzo kuliko yote katika historia hii, kwa sababu lilifanywa na watu hodari kwa nia njema. Heshima kwa msimbo wa zamani ilikuwa imegeuka kodi inayolipwa na kila mtu.

Bili ililetwa hadharani Aprili 1999. Kampuni ya Mindcraft, kwa fedha za Microsoft, ilipima Linux dhidi ya Windows NT 4.0 kwenye seva ya Dell yenye prosesa nne na kadi nne za mtandao. Ikatangaza kwamba Windows ilikuwa na kasi mara 2.5 katika kuhudumia mafaili na mara 3.7 katika kuhudumia tovuti. Kelele zilikuwa kubwa: nani alilipa, nani alipanga mipangilio vibaya. Kipimo kikarudiwa, tofauti ikapungua lakini haikuondoka. Waliokaa kimya na kuchungulia ndani waliona sababu mojawapo. Pakiti za data zilikuwa zinaingia kwa kadi nne, lakini kazi ya kuzishughulikia ilikuwa inapita kwenye nusu ya chini, nayo, kama nilivyosema, ilikuwa moja kwa mashine nzima. Prosesa tatu zilikuwa zinatazama ya nne ikihangaika.

Jibu lilitoka kwa Mrusi Alexey Kuznetsov, akishirikiana na David Miller, mwanzoni mwa mwaka 2000. Waliandika upya njia ya pakiti ndani ya kiini ili kila prosesa iwe na foleni yake, na kazi iliyoahirishwa ifanywe na prosesa ileile iliyopokea hodi, sambamba na wenzake. Hilo likaingia kwenye toleo la 2.4 la Januari 2001. Lakini walipoondoa kizuizi kimoja wakakutana na kingine kilichokuwa kimejificha nyuma yake. Waya wa mtandao wa megabiti 100 kwa sekunde unaweza kuleta pakiti ndogo zipatazo 148,800 kila sekunde. Kila pakiti ikipiga hodi yake, prosesa inakwenda na kurudi mlangoni mpaka haipati nafasi ya kuifungua hata pakiti moja. Zote zinapokewa, zote zinatupwa. Jeffrey Mogul na K. K. Ramakrishnan walikwisha kulieleza janga hilo mwaka 1996. Kwenye Linux dawa yake ilitengenezwa na Jamal Hadi Salim, Robert Olsson wa Chuo Kikuu cha Uppsala, na Kuznetsov mwenyewe, wakaiwasilisha mwaka 2001: pakiti ya kwanza ikibisha, kadi inaambiwa inyamaze, na kiini kinakwenda chenyewe kuchukua pakiti kwa mafungu mpaka ziishe, ndipo kadi inaruhusiwa kubisha tena. Mzigo ukizidi, hodi zinapungua. Mtindo huo ndio unaotumika mpaka leo.

Cli ya mashine nzima ilikuwa bado ipo. Aliyeiondoa ni Ingo Molnar, Mhungaria ambaye jina lake linarudi kila mara katika habari hizi. Julai 2002, katika toleo la majaribio la 2.5.28, aliifuta. Hakuacha kipindi cha mpito wala onyo la miaka mitatu. Kwenye kiini kilichojengwa kwa prosesa nyingi, draiva inayoita cli haikukubali hata kujengwa. Mwandishi wake alipaswa kujiuliza swali alilolikwepa kwa miaka kumi: ni kitu gani hasa ninachokilinda, na dhidi ya nani? Kisha aweke kufuli dogo kwa kitu hicho tu, na azibe makatizo ya prosesa yake tu. Draiva zilizopata wa kuzirekebisha zilirekebishwa. Zilizokosa zikabandikwa alama ya kuwa ni mbovu kwenye prosesa nyingi, na kadiri prosesa nyingi zilivyokuwa kawaida, zikasahauliwa. Nusu za chini zile 32 nazo ziliondoka katika mzunguko huohuo.

Hapa ni lazima nieleze jambo moja, maana bila hilo ukatili huu hautaeleweka. Linux ina ahadi mbili tofauti. Kwa programu za watumiaji, ahadi ni kutovunja kitu. Kwa draiva zilizo ndani ya kiini, hakuna ahadi kabisa, na Greg Kroah-Hartman aliandika waraka mzima kutetea msimamo huo. Sababu ni kwamba draiva zote zimo katika hazina moja ya msimbo. Anayebadilisha kanuni anawajibika kupita kwenye draiva zote na kuzirekebisha mwenyewe. Mwenye draiva aliyeiweka nje kwa siri atajijua. Wauzaji wa vifaa wameulalamikia utaratibu huu mara nyingi, na wana hoja zao, lakini usafi wa makatizo umetokana na utaratibu huo kuliko na kipaji cha mtu yeyote mmoja.

Mwaka 2003 kanuni ikabadilishwa tena. Kwenye mabasi ya PCI vifaa kadhaa vinaweza kutumia waya mmoja, hivyo hodi ikisikika, kiini kinaviuliza vipokezi vyote vya waya huo: ni wewe? Mpaka hapo vipokezi havikuwa na namna ya kujibu. Kifaa kibovu kikiuvuta waya bila kuuachia, prosesa ilizunguka humo mpaka mtu achomoe umeme. Kuanzia hapo kila kipokezi kilitakiwa kurudisha jibu, ndiyo au siyo, na kila draiva iliyokuwemo ilibidi iguswe. Sasa kiini kinahesabu: kati ya hodi 100,000 za waya mmoja, zikipita 99,900 zisizo na mwenyewe, kinaufunga waya huo na kuandika kwenye kumbukumbu zake kwamba hakuna aliyejali. Waliowahi kutunza seva wanaufahamu ujumbe huo, na wanajua kwamba kuanzia dakika hiyo kifaa fulani, mara nyingi diski, kitasuasua.

Kazi kubwa zaidi ilikuja mwaka 2006. Wakati huo Linux ilikuwa inaendeshwa kwenye aina zaidi ya ishirini za prosesa, na msimbo wa makatizo ulikuwa umenakiliwa kutoka aina moja hadi nyingine, kila mmoja akiongeza chake. Mwaka 2004 sehemu zilizofanana zilikuwa zimekusanywa mahali pamoja, lakini moyo wake ulikuwa fanksheni moja iliyotaka kujua kila kitu, ikiitwa __do_IRQ. Ilirithiwa kutoka kwenye kompyuta za Intel. Ndani yake kulijaa masharti: kama ni hivi fanya hivi, kama ni vile ruka.

Watu wa prosesa za ARM, zilizomo ndani ya takriban kila simu ya Android, waliikataa mapema. Kwenye chipu zao makatizo yana tabia tofauti. Yapo yanayotambuliwa volteji inapobadilika, mara moja, na ukichelewa imepita. Yapo yanayodumu muda wote volteji ikiwa juu, na usipokinyamazisha kifaa kwanza yatakurudia papo hapo. Waya mmoja unaweza kuwa umebeba nyaya 32 nyingine nyuma yake. Russell King, aliyekuwa msimamizi wa ARM, aliandika kwa ajili yao fanksheni fupifupi, moja kwa kila tabia, badala ya moja inayobahatisha. Thomas Gleixner wa Ujerumani na Ingo Molnar wakalichukua wazo hilo, wakaligeuza kuwa la aina zote za prosesa, na likaingia kwenye toleo la 2.6.18, Septemba 2006. Mgawanyo wao ni huu: chipu inayopokea nyaya inaelezwa peke yake, jinsi ya kuziba, kufungua na kuitikia, mwenendo wa katizo unaelezwa peke yake, kipokezi cha draiva hakihitaji kujua lolote kati ya hayo. Katika kazi hiyo wakagundua kwamba baadhi ya chipu mpya zinahitaji mwenendo wa aina nyingine, ambamo kiini kinaitikia mara moja tu mwishoni, wakauongeza nao.

Mwezi mmoja baadaye David Howells wa Uingereza akafanya usafi ambao juu juu ni mdogo. Kila kipokezi kilikuwa kinapewa vitu vitatu: namba ya katizo, kitambulisho cha kifaa, na anwani ya mahali zilipohifadhiwa rejista za prosesa. Hicho cha tatu karibu hakuna aliyekitumia, lakini kilibebwa kutoka fanksheni hadi fanksheni, kikila nafasi ya steki na muda kwenye kila hodi. Howells alikiondoa. Mamia ya draiva yakahaririwa kwa siku chache, kila moja mstari mmoja au miwili. Mistari ile iliyofutwa, ukiizidisha kwa mara inavyopitiwa kila sekunde kwenye kompyuta za dunia, sijui kama yupo aliyewahi kuokoa kazi nyingi hivyo kwa kufuta.

Yaliyofuata yalichukua miaka. Mfumo wa zamani na mpya ulikaa pamoja, kwa sababu kuzihamisha aina zote za prosesa si kazi ya wiki, na Gleixner alikuta watu wa draiva wakiingiza mikono yao ndani ya orodha zake za siri, wakibadili wanachotaka bila kufuli. Mwishoni mwa mwaka 2010 na mwanzoni mwa 2011 aliamua kuzifunga orodha hizo. Akabadilisha umbo la kila fanksheni ya chipu, akapita kwenye msimbo wa aina zote za prosesa kuzihamisha, na ilipohama ya mwisho akaifuta __do_IRQ. Kabla ya hapo lilikuwa limekwisha kuamuliwa jambo lililobishaniwa tangu enzi za toleo la kwanza: je, kipokezi kimoja kinaweza kukatizwa na kingine? Zamani kulikuwa na vipokezi vya haraka, vilivyofanya kazi makatizo yakiwa yamezibwa, na vya polepole, ambavyo vingeweza kukatizwa. Hodi juu ya hodi zilijaza steki mpaka ikafurika, na steki ikifurika ndani ya kiini hakuna wa kukuokoa. Kuanzia 2.6.35, Agosti 2010, vipokezi vyote vinafanya kazi makatizo yakiwa yamezibwa. Alama ya zamani ya kuomba haraka ilibaki kwenye draiva bila kufanya lolote, ikafutwa mwaka 2015.

Gleixner hakuwa anasafisha kwa kupenda usafi tu. Tangu mwaka 2004 yeye, Molnar na wenzao walikuwa wakiijenga Linux ya muda halisi, ile inayoweza kuendesha roboti wa kiwandani akajibu ndani ya muda uliowekwa bila kukosa. Kwa kazi hiyo kipokezi kirefu ni sumu, maana hakuna wa kukitangulia. Wao walikigeuza kipokezi kuwa uzi wa kawaida, wenye cheo chake katika foleni ya kazi, unaoweza kusimamishwa kazi muhimu zaidi ikitokea. Mlangoni kinabaki kipande kifupi cha kusema nimesikia. Njia hiyo iliingia kwenye Linux ya wote katika toleo la 2.6.30, Juni 2009, na miaka miwili baadaye mtumiaji akapewa uwezo wa kuvigeuza hivyo karibu vipokezi vyote kwa neno moja wakati wa kuwasha kompyuta. Mengine yalibaki nje, katika viraka vilivyobebwa toleo hadi toleo. Septemba 2024, kwenye mkutano mjini Vienna, Gleixner alimkabidhi Torvalds ombi la kuviingiza vilivyosalia, limechapwa kwenye karatasi na kufungwa kwa rangi ya dhahabu. Toleo la 6.12 lilitoka navyo tarehe 17 Novemba mwaka huo, miaka 20 baada ya kuanza.

Mwenye kompyuta ya Linux anaweza kuitazama kazi hii sasa hivi. Fungua dirisha la amri, andika cat /proc/interrupts. Kila safu ni prosesa, kila mstari ni hodi moja na hesabu ya mara ilivyobishwa tangu ulipowasha. Kwenye kompyuta nyingi za Intel utakuta mstari wa kibodi, waya namba 1, na pembeni yake neno edge. Chini kidogo, kwenye namba 9, utakuta fasteoi. Hayo ni majina ya fanksheni fupifupi za mwaka 2006. La kwanza Russell King aliliandikia ARM, la pili ni lile waliloliongeza Gleixner na Molnar.